Nyasi za Uwanja Ziko Mugango

Dafroza bado kainama. Wewe wiki nzima umekula, umelala, umegombana na jirani. Yeye yuko palepale ulipomwacha, katikati ya barabara itokayo Kiabakari kwenda Mugango. Kiatu kimoja kimemezwa na tope. Mkono wa kulia umeshika ncha ya kitu cha kijani kinachochungulia kutoka ardhini kama ulimi wa ng'ombe. Na ile sauti ya mwanamke nyuma yake bado haijakauka:

"Mama, ukivuta hiyo, unavuta barabara yetu. Na sisi tutakuvuta wewe."

Akageuka taratibu.

Wanawake walikuwa wamejipanga njia nzima, majembe begani. Aliyekuwa mbele yao alikuwa mnene, kilemba kichwani, buti za mvua za mwanaume miguuni, na hakuwa na haraka hata chembe. Jastin, katibu wa tawi, mwendesha boda mwenye maneno mengi kuliko abiria, alikwishajificha nyuma ya ngoma ya mashabiki.

Kabla jembe halijashuka tukumbushane upesi, maana wapo waliolipata gazeti hili leo likiwa limefungia vitumbua.

Dafroza huuza dagaa sokoni Musoma. Ndiye mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa Sangara FC, timu ambayo uwanja wake ulizungushiwa mabati ili ukarabatiwe. Mabati yakakaa. Yakashika kutu. Watoto wakazaliwa, wakaanza shule, wakajua kusoma maneno "Samahani kwa Usumbufu" yaliyoandikwa pale getini, na uwanja wenyewe ukapoteza jina, ukaitwa Mabati. Jiwe la msingi liliwekwa, likasahauliwa, likawekwa jingine juu yake na mheshimiwa mwingine, na huyo wa pili alipokuwa akihutubia alisimama juu ya lile la kwanza ili aonekane. Wapo wanaosema mambo ya zamani yaachwe. Hao ni walewale walioweka mawe.

Ndiyo maana Sangara huenda kucheza mechi zao za nyumbani Bunda. Nyumbani kwao ni ugenini. Katika moja ya safari hizo Fuso, lori la mashabiki, iliingia kwenye shimo la lami, ikalala ubavu, na Bernado, mdogo wake Dafroza, mpiga tarumbeta wa tawi, akavunjika nyonga. Tangu hapo yuko kitandani. Hasimami.

Jumamosi hii Sangara wanacheza na Balili Rovers wa Bunda mechi ya kupanda daraja. Ikichezwa Musoma, vijana watambeba Bernado na kiti chake mpaka nyuma ya goli. Ikipelekwa Bunda, atasikilizia matokeo kwenye simu, kageukia ukutani. Dafroza alimwapia mdogo wake: itachezwa Musoma. Lakini Jumanne mashabiki waliposukuma mabati na kuingia, zile nyasi za bandia zilizotangazwa kwa vipaza sauti kuwa zimefika hazikuwamo. Mlikuwa na kunde. Na mbuzi, wanene.

Hapo ndipo Dafroza alipopiga mwano, lile yowe la mtu aliyeibiwa ng'ombe, na tawi zima likatoka kufuata nyayo, kijiwe kwa kijiwe cha boda, likiuliza lori la nyasi lilipita wapi, mpaka hapa alipoinama.

Haya. Jembe tuliacha wapi?

"Wewe ni nani?" Dafroza aliuliza.

"Naitwa Nyangi. Mwenyekiti wa kikundi cha barabara."

"Barabara ina kikundi?"

"Haina serikali. Ndo maana ina kikundi."

Wanawake wakacheka, lakini majembe hayakushuka.

"Mama Nyangi," Dafroza alisema, akijaribu kuweka sauti ya uenyekiti huku mguu mmoja ukiwa peku, "hizi ni nyasi za uwanja wetu wa Musoma. Zimeibwa."

"Ziliibwa na nani? Sisi tulikuwa tumekaa majumbani kwetu, uwanja ukatufuata."

"Uwanja haufuati mtu!"

"Huu ulifuata. Kaa chini nikwambie. Au simama tu, maana ukikaa hapo hutoki."

Nyangi akachomeka jembe ardhini, akaliegemea.

"Mheshimiwa Keraryo unamjua?"

Nani asiyemjua! Mwenyekiti wa Kamati ya Kufufua Uwanja, mtu ambaye hajawahi kufika kwenye msiba bila kamera.

"Huyo ni wa huku kwetu. Lori la nyasi lilikuwa linatoka Bunda linaenda zake Musoma kwa lami. Yeye akasema hapana, lichepuke Kiabakari, lipite kwanza kwao Mugango, wazee waone maendeleo, kina mama wapige vigelegele. Uchaguzi ulikuwa karibu. Tukapiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Lori kusikia hivyo likazama."

"Likazama?"

"Mpaka kwenye taa. Sasa kuna injinia wa ile kampuni ya Upesi Ujenzi, anaitwa Edwin, kofia nyeupe, buti zake hazijawahi kuona tope. Akasema, kitaalamu, shusheni roli moja ya nyasi, zile zilizoviringishwa, mtandike chini ya tairi. Moja tu. Tukashusha. Lori likasogea, likazama tena. Akasema, kitaalamu, shusheni ya pili."

Jastin alitokeza kichwa nyuma ya ngoma. "Msiniambie."

"Jioni ilivyofika, mwanangu, uwanja wote uko chini na lori liko juu. Tupu. Jepesi! Likaondoka linapiga honi kama la harusi."

"Na Mheshimiwa akasemaje?" Dafroza aliuliza.

"Mheshimiwa ana akili bhana. Akapanda juu ya nyasi, akakohoa, akasema, ndugu zangu, niliwaahidi barabara. Tukampigia makofi. Akakata utepe. Utepe wenyewe ilikuwa kamba ya turubai la lori."

Dafroza alitazama mbele yake. Kweli. Nyuma yao, walikotoka, palikuwa na madimbwi ambayo bata wangeweza kuogelea na kupotezana. Mbele, kuanzia pale alipoinama, njia ilikuwa ngumu, imenyooka, na majani ya kijani yalichomoza hapa na pale katikati ya udongo. Mkoa mzima mtu hutetemeka kitini kama anayepepeta mahindi. Hapa peke yake, juu ya uwanja wa Musoma, Probox ilipita polepole, dereva akiwa kashika usukani kwa kidole kimoja, na kikombe cha chai mkono wa pili.

"Tangu siku hiyo," Nyangi aliendelea, "mjamzito wetu anafikaga hospitali tumbo likiwa bado tumbo. Samaki wanafikaga lami hawajaoza. Halafu wewe uje hapa na ngoma ung'oe? Kwa ajili ya mpira?"

Hapo palikuwa pagumu. Akilini Dafroza alimwona Bernado kitandani, kageukia ukutani. Akaona pia kwamba kwa majembe hawezi kushinda. Akatafuta kitu ambacho jembe haliwezi kukipiga.

"Mama Nyangi, wewe ni mtu wa Mara?"

"Unaniona Mzaramo?"

"Ng'ombe akiibwa, watu wakafuata nyayo, nyayo zikaingia kijiji zisitoke. Nani analipa?"

Mwanamke mmoja alishusha jembe bila kujua. Huku kwetu kesi za mahakamani watu huzikwepa, huzikatia rufaa, huzisahau. Kesi ya nyayo hakuna anayeifanyia mzaha.

"Kinalipa kijiji nyayo zilipoishia," Nyangi alisema.

"Lori lilikuja huku limebeba nyasi. Likatoka halina kitu. Nyayo zimeishia wapi?"

"Mwenyekiti!" Jastin alinong'ona kwa furaha, na ngoma ikajipiga yenyewe. "Umewamaliza!"

Nyangi hakuonekana kama mtu aliyemalizwa. Alitikisa kichwa kidogo, mara mbili, kama anayekubali bei. "Kwa mila umesema kweli. Lakini mwenzangu una pupa. Unadai faini na ng'ombe bado anatembea. Hujamaliza kufuata. Njoo ziwani."

Wakaenda ziwani. Mashabiki na ngoma zao mbele, wanawake na majembe yao nyuma, ukidhani ni harusi ya watu wasiopendana.

Ufukweni Mugango, mahali ambapo kwingine kote dagaa huanikwa mchangani, palikuwa na kijani. Kijani safi, kilichochanwa vipande virefu vikapangwa hadi karibu na maji, na juu yake dagaa wamelala wakimeta kama vioo vilivyomwagwa. Hakuna punje ya mchanga. Hakuna kuku. Katika kipande kimoja ulipita mstari mweupe, mnyoofu, mpana kama kiganja.

"Huo ni mpaka," Nyangi alieleza. "Upande ule wa jirani yangu, upande huu wa kwangu. Zamani tulikuwa tunagombanaga kila siku dagaa wa nani wameingia kwa nani. Tangu mstari uje, amani."

"Mama," Jastin alisema, "huo ni mstari wa goli."

"Ni wa goli, ni wa nini, unatusaidia."

Dafroza hakuwa akisikia. Macho yake yalikuwa yamekwama kwenye magunia yaliyosimama kando, yameshonwa tayari kusafiri. Kila gunia lilifungwa mdomo kwa kitambaa chekundu. Alikijua kitambaa hicho. Alikuwa akikifungua kila wiki kwa meno.

Maana sokoni Musoma, msomaji, kuna dagaa na kuna dagaa wa Dafroza. Wanunuzi hupanga foleni. "Njooni kwa dagaa wasiotafunisha mawe!" ndivyo anavyopiga kelele, na majirani zake kibandani aliwahi kuwaambia mbele ya wateja kwamba wao wanauza ufukwe. Anayemletea ni binti mmoja wa Mugango aitwaye Hana, kwa gari la asubuhi. Dafroza mwenyewe hakuwahi kufika kuona wanaanikwa wapi. Sababu ni barabara. Na mteja mmoja alipowahi kuchomoa uzi wa kijani mdomoni akauliza ni nini, alimjibu bila kupepesa: "Majani ya ziwani hayo, baba. Yana vitamini."

"Hana ni mwanangu wa kumzaa," Nyangi alisema kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko jembe. "Na mnunuzi wake anaitwa Dafroza. Nilikuwa najiuliza tangu pale barabarani ni yuleyule au ni jina tu limefanana."

Akagonga gunia lililo karibu kwa kidole.

"Nyayo zimetoka Mugango ndani ya hayo magunia. Zimeingia kibanda chako. Zikatoka hapo?"

Mashabiki wa Sangara walimgeukia mwenyekiti wao, mmoja baada ya mwingine. Kisha, kwa wazo lililowapata wote kwa pamoja, wakashika matumbo.

"Mwenyekiti," Jastin alisema. "Kwa hiyo uwanja tumeula?"

"Jastin, nyamaza."

"Mimi peke yangu nitakuwa nimekula eneo la penalti!"

Angecheka mtu, ingekuwa nafuu. Hakucheka mtu, kwa sababu wakati huohuo honi ililia, na gari jeupe lenye vioo vyeusi likashuka kutoka barabara ya nyasi bila hata kuyumba. Mlango ukafunguka kabla halijasimama. Alishuka Mheshimiwa Keraryo, suti ya bluu, mikono imefunguliwa kama anayekuja kukumbatia umati wa watu ambao hawakuwapo. Nyuma yake Injinia Edwin na kofia yake nyeupe. Nyuma ya injinia, mwandishi wa redio na kipaza sauti.

"Tumewapata!" Mheshimiwa alitangaza, akiyanyooshea kidole magunia. "Wananchi, mnaniulizaga kila siku, Keraryo, uwanja unachelewa kwa nini? Leo nawajibu. Haukuchelewa na kamati. Haukuchelewa na mkandarasi. Uwanja umehujumiwa! Na mhujumu ni nani? Ni mashabiki wenyewe!"

"Kitaalamu," Injinia Edwin aliongeza, "nyasi za daraja hili haziruhusiwi kuwekewa samaki."

"Na kuwekewa lori zinaruhusiwa?" Nyangi aliuliza.

Injinia akapangusa kofia.

Mheshimiwa alimshika Dafroza kiwiko, akamsogeza kando, karibu na maji, tabasamu likiwa limeelekezwa redioni na maneno yakiwa yameelekezwa sikioni mwake.

"Dafroza, dada yangu. Sisi ni watu wazima. Hayo magunia ni yako, kila mtu kaona. Nikisema neno moja, leo unalala ndani, na dagaa wako hakuna atakayewagusa tena mkoa mzima. Lakini mimi sina roho hiyo. Wewe chukua kipaza sauti, sema tawi la mashabiki limeomba lenyewe mechi ipelekwe Bunda. Basi. Nyasi tunazisahau, kila mtu anakula maisha yake."

"Mashabiki waombe wenyewe kwenda Bunda?"

"Kwa hiari. Kwa upendo wa michezo."

"Kwa nini wewe usiseme? Si wewe ndiye kamati?"

Tabasamu la Mheshimiwa lilicheza kidogo upande mmoja, kama taa ya umeme wa kuibia. "Inapendeza zaidi ikitoka kwa wananchi."

Dafroza alilitazama ziwa. Alikumbuka Fuso ikilala ubavu, tarumbeta ikiruka hewani, na sauti ya Bernado ikimwita dada, dada, kutoka chini ya watu. Alikumbuka walivyoambiwa siku ile na huyuhuyu Keraryo, mlangoni mwa wodi, mbele ya kamera, kwamba ajali kama hii haitatokea tena kwa kuwa msimu ujao mtachezea kwenu. Msimu ujao! Misimu imepita hapo katikati, na Keraryo amenenepa katika kila mmoja.

Akachukua kipaza sauti.

"Halo," alisema. "Naitwa Dafroza, muuza dagaa, mwenyekiti wa mashabiki wa Sangara. Nyasi za uwanja zimepatikana Mugango. Nyayo zimefuatwa, zimeishia kwangu. Nakubali."

Mheshimiwa alianza kupiga makofi.

"Na kwa mila ya huku, mtu ambaye nyayo zimeishia kwake haombi radhi redioni. Anarudisha ng'ombe. Kwa hiyo mnisikilize vizuri, Musoma, Bunda, Butiama, na wewe mdogo wangu Bernado kama uko macho hapo kitandani. Nyasi hizi zinaondoka hapa leo. Tutazitandika wenyewe kwa mikono yetu. Mechi ni Jumamosi, na ni Musoma!"

Makofi ya Mheshimiwa yalikufa mkono mmoja ukiwa bado mbali na mwenzake. Mashabiki walilipuka. Ngoma ikaanza kupigwa na mtu aliyekusudia.

"Haiwezekani!" Injinia Edwin alipiga kelele. "Kitaalamu kazi hiyo inataka miezi! Kuna usawazishaji, kuna gundi, kuna..."

"Kitaalamu ulisema roli moja," Nyangi alimkatiza. Kisha akamgeukia Dafroza, na uso wake haukuwa na mzaha. "Umeongea vizuri. Sasa barabara yetu je? Huyo Hana anayekuletea dagaa ana mimba, imefika mwishoni. Uchungu ukimwanzia Ijumaa na nyasi zako ziko Musoma, atapita wapi?"

Redio ilikuwa bado hewani. Dafroza angeweza kusema lolote, na watu wa redio wangelisahau kesho. Alimtazama mama yule na buti zake za mwanaume.

"Nyuma ya yale mabati kuna kilima cha kokoto. Kilimwagwa pale kwa ajili ya majukwaa, kimeota miti. Fuso yetu iliyotuleta itapeleka nyasi, itarudi na kokoto. Safari kwa safari. Haiondoki roli hapa bila kokoto kuja."

"Hiyo ni mali ya mradi!" Mheshimiwa alifoka.

"Na nyasi?" watu walimuuliza kwa pamoja.

Nyangi alinyoosha mkono. Dafroza akaushika. "Kokoto zisipokuja," Nyangi alisema, bila kuuachia, "mimi nitapiga mwano. Na wewe nyayo zako nazijua zinapoishia."

Kilichofuata hapo hakijawahi kuonekana katika historia ya michezo. Ililetwa jozi ya maksai na minyororo ya plau, wakafungiwa kwenye ncha ya uwanja, na uwanja ukaanza kutoka ardhini, ukilia, ukimwaga tope, kipande kwa kipande. Wanawake walisukuma. Mashabiki walivuta. Jastin alisimama pembeni akieleza jinsi ya kuvuta, mpaka Nyangi alipomkabidhi mnyororo. Dagaa walikusanywa, mstari wa amani ukakunjwa, na majirani wawili wa ufukweni wakaanza kugombana palepale. Mchana ulipoanza kulegea, Fuso ilikuwa imesheheni roli za kijani na udongo, na barabara ya Mugango ilikuwa imerudi kuwa ile ya siku zote: bakuli la uji.

Mheshimiwa Keraryo alikuwa bado hajaondoka. Hili Dafroza aliliona na likamtia wasiwasi. Mtu aliyeshindwa redioni huondoka haraka. Huyu alikaa garini, mlango wazi, akitazama saa, kama anayemngoja mgeni.

Mgeni alikuja kwa boda. Ilimwaga abiria wake mwanzoni mwa tope, naye akaja kwa miguu, tai shingoni, suruali imekunjwa, viatu mkononi.

"Mheshimiwa!" aliita kwa furaha. "Barabara yenu hii! Lakini nimefika. Yule samaki wa sato uliyeniahidi yuko wapi?"

Mwandishi wa redio ndiye aliyemtambua. "Huyu ni Bwana Elias. Mkaguzi wa viwanja wa ligi."

Dafroza hakungoja. Alikimbia, kiatu kimoja, tope mpaka kiunoni, akamshika mkaguzi mkono wenye viatu.

"Baba mkaguzi, shikamoo. Nakuomba kitu kimoja. Usiuandike uwanja wa Musoma kuwa umeshindwa. Tupe mpaka Jumamosi asubuhi. Nyasi hizi hapa, zinaondoka sasa hivi, tutatandika!"

Bwana Elias aliitazama Fuso, akamtazama yeye. "Nyasi za nini, mama?"

"Za uwanja wa Musoma!"

"Za kuongezea?"

"Kuongezea wapi? Si hakuna!"

Mkaguzi alicheka, cheko la mtu mwema anayeongea na mgonjwa. "Mama, mbona uwanja wa Musoma nimeukagua leo asubuhi? Nimeupitisha. Nyasi zake ni nzuri, mpaka mimi mwenyewe nilivua viatu nikatembea."

Ngoma ilinyamaza. Hata maksai walionekana kusikiliza.

"Umepitisha?" Dafroza alisema.

"Rasmi. Mechi ni Jumamosi palepale. Na kwa kanuni, mwenyeji asipoutoa uwanja uliopitishwa, kapoteza mechi. Labda mashabiki wenyewe waombe kuhama."

Ahaa! Kama tope lililojitenga na maji, mambo yalimtulia Dafroza kichwani. Ndiyo maana alisukumiwa kipaza sauti. Mheshimiwa ana uwanja uliopita ukaguzi bila kuwapo. Mashabiki wakiomba kwenda Bunda, mabati hayafunguliwi, siri inazeeka salama, naye anabaki mjenzi wa uwanja. Wasipoomba, Sangara wanapigwa bao na kanuni kabla filimbi haijalia. Na yeye ametangaza redioni kwamba hawaombi.

Aligeuka kumtazama Keraryo. Keraryo alikuwa akilitazama ziwa, kwa mapenzi makubwa.

"Baba mkaguzi," Dafroza alisema polepole, "kwenye huo uwanja wewe ulipelekwa na nani?"

"Na Mheshimiwa mwenyewe, kwa gari lake. Safari ilikuwa ndefu kidogo, vioo vile vyeusi sikuona njia. Lakini nina picha. Tazama."

Akatoa simu. Dafroza akaikinga jua kwa kiganja, Jastin akichungulia begani.

Nyasi za kijani, fupi, zimechanwa vizuri. Goli jeupe. Nyuma ya goli mawe makubwa yaliyobebana, wala hakuna bati hata moja. Dafroza amezunguka na Sangara kila kiwanja cha mkoa huu, vya vumbi, vya mchanga, vya shule na vya mnada. Hiki hakuwahi kukiona. Katikati ya picha Mheshimiwa kainua dole gumba.

Na pembeni yake kuna mtu. Kavaa skafu ya Sangara. Tarumbeta kwapani.

Dafroza aliikuza picha kwa vidole vilivyojaa tope. Akaifuta. Akaikuza tena.

Bernado alikuwa amesimama. Bila gongo, bila kushikwa na mtu, kwa miguu yake yote, mmoja ukiwa umekanyaga mpira.

"Unamfahamu huyo kijana?" Bwana Elias aliuliza. "Mchangamfu sana. Yeye ndiye aliyetufungulia geti. Aliniambia ndiye mtunza uwanja."